Mahindi ya Nyuma ya Gereji

Mume wangu alipondwa mkono kwa mgongo wa jembe, mchana kweupe, na watu ambao wengi wao nilikuwa nimewapikia asubuhi. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nasimulia habari za kilimo. Kilimo kimo, ndiyo, ila kilimo ndicho kilicholeta jembe mahali pale.

Naitwa Hajira. Nauza chakula mtaa wa Gerezani, kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa gereji, upande wa pili wa barabara ya mwendokasi. Mume wangu, Khalfani, alikuwa akivuta mkokoteni Kariakoo, na mizigo yake mingi ilikuwa ya maduka ya pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za wadudu. Tumepanga chumba Buguruni. Sote wawili ni Wangoni wa Songea, na hata usiponiuliza nitakwambia, maana bila Ungoni wetu haya yasingetokea.

Katika maduka aliyoyabebea, mawili yalitazamana mtaa mmoja. La kwanza ni la Mzee Mbaruk, Mwarabu wa hapa hapa, ambaye hata babu yake alizaliwa Kariakoo. La pili ni la Bakili, Myao wa Tunduru, aliyeanza kuvuta mkokoteni pamoja na Khalfani kisha akafungua duka lake. Mbaruk aliuza mbegu chotara ya mahindi ya manjano, ambayo wafugaji wa kuku wanaigombea. Bakili aliuza chotara ya mahindi meupe, ya ugali wa watu. Ungedhani hapo hakuna ugomvi, kila mmoja ana mteja wake. Lakini wanaume wakitazamana kutwa nzima lazima watafute cha kugombania, nao wakagombania mahindi: yapi yanabeba zaidi, yapi yana punje nzito, yapi yanavumilia jua.

Ubishi ulikua hadi wateja waliotoka mikoani wakawa wanashikwa mashati waamue. Mwisho Bakili akasema maneno yametosha, zipandwe zote mbili katika shamba moja, watu waje waone kwa macho yao. Mbaruk akakubali. Shamba likapatikana nyuma ya kibanda changu, kati ya ukuta wa gereji na reli ya zamani ambayo haipiti treni. Kilikuwa kipande cha majani na vyuma chakavu. Khalfani alikifyeka, akaondoa vyuma, akachimba pembeni pasipomwagwa oili.

Walimchagua yeye kwa sababu kila mmoja alimhesabu wa kwake. Kwa Mbaruk alikuwa mbeba mizigo wa miaka mingi ambaye hajawahi kupungukiwa na mfuko hata mmoja. Kwa Bakili alikuwa mtani.

Mngoni na Myao ni watani. Asiyejua utani ni nini, basi ajue kwamba Khalfani alikuwa akiingia dukani kwa Bakili, anamvua kofia, anaivaa yeye, anakunywa chai yake hadi mwisho, kisha anamwambia kikombe kichafu. Bakili naye alikuja kibandani kwangu akaniita mke wake mbele ya mume wangu na kudai nyama ya bure. Mababu zetu walichinjana huko kusini. Sisi wajukuu tukaachiwa matusi badala ya mikuki. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukwambia umekufa na jana amekuzika, nawe ucheke, umtafutie tusi kubwa zaidi. Ukikasirika umevunja kitu ambacho hukukitengeneza wewe.

Siku ya kupanda walikuja wote, na binti wa Mbaruk naye alikuja. Anaitwa Tasneem, amesomea kilimo Morogoro, msichana mwenye sauti ndogo asiyependa kubishana. Aliitazama ile kamba ya kupimia mistari, akasema mbele yetu, "Baba, hizi zisipandwe pamoja. Ama ziachane mbali, ama moja isubiri wiki kadhaa. Zikichanua wakati mmoja, chavua ya manjano itaingia kwenye nyeupe."

"Isubiri ipi?" Bakili akauliza.

"Yoyote tu, kaka."

"Yoyote maana yake yangu. Yangu isubiri mpaka mvua ikatike, halafu mseme haizai. Hapana, dada. Siku moja, saa moja, mstari kwa mstari. Haki sawa."

Mbaruk akacheka, akamwambia bintiye mambo ya darasani ayaache darasani. Wakapima kwa kamba, wakapima tena kwa hatua, na kati ya mstari wa mwisho wa manjano na mstari wa kwanza wa nyeupe ikabaki nafasi ya jembe moja tu, kwa sababu hakuna aliyekubali ardhi yake iliwe. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile wasiosikia walikuwa wakuu wenyewe, na kilichovunjika baadaye kilikuwa cha mtu mwingine.

Khalfani ndiye aliyefukia mbegu za pande zote. Watu wazima wa mjini huuita unga wa manjano yanga, kwa ajili ya rangi ya jezi ya timu ya Yanga, tangu enzi ya njaa waliposhindwa kuupenda na wakashindwa kuukataa. Basi alipofika upande wa Bakili, Khalfani akainua kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka gereji, "We Myao, humu nimekutilia na yanga kidogo. Mwaka huu utakula ugali wa manjano mpaka upate akili."

Mafundi walicheka. Bakili aliokota bonge la udongo akamrushia, likampita, akacheka kuliko wote. "Tia tu," akasema. "Babu yako alishindwa kuniua kwa mkuki, wewe utaniweza kwa punje?"

Nilikuwa nimesimama pale na sufuria ya chai. Nilicheka pia.

Mvua za masika zilikuja vizuri mwaka ule. Mahindi yakapanda mpaka yakapita ukuta, na abiria wa mwendokasi wakawa wanageuza shingo kuyaangalia, mahindi katikati ya gereji na maduka ya vipuri. Yalichanua yote pamoja, sawa na walivyotaka. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza, ukivuma kutoka upande wa manjano kwenda upande wa nyeupe, na chavua, vumbi lile la maua, ikatua juu ya vifuniko vya masufuria yangu. Nilikuwa nafuta na kulalamika. Khalfani alirudi nyumbani ameroa jasho na mabega yamejaa unga ule, nami nikamcheka kwamba amejipaka poda.

Siku ya kuvuna watu walikuwa wengi kupita kiasi. Walikuja mafundi wa gereji, wavuta mikokoteni, wauza vipuri, na wakulima waliokuwa mjini kununua mbegu za msimu unaofuata. Kati ya wakulima alikuwepo mmoja aitwaye Elimringi, wa Hedaru, mtu mzima, mrefu, asiyesema sana. Msimu uliotangulia alikuwa ameuziwa mbegu feki na mtu asiyemjua, njiani tu. Alipalilia shamba zima, likatoa mabua matupu. Alikula kwangu siku mbili zile alizokuwa mjini na habari yake ilikuwa hiyo moja. Mtu aliyekula hasara namna ile huwa ana hasira inayotafuta pa kukaa.

Mbaruk alimenya ya kwake kwanza. Manjano tupu, punje zimejipanga, watu wakapiga makofi. Kisha Bakili akakata hindi kwenye mstari wa mpakani, kwa mbwembwe, akageuka kuwaelekea watu, akavuta maganda.

Lilikuwa jeupe, na katikati ya weupe punje za manjano zimetawanyika huku na kule. Akalitupa, akakata jingine. Hilo lilikuwa baya zaidi. La tatu alilimenya haraka, nalo likawa hivyo hivyo. Makofi yalikwisha na watu wakaanza kunong'ona.

Elimringi akaokota lile la kwanza, akaligeuza geuza mkononi. "Mbegu feki," akasema.

Hakupaza sauti, wala haikuhitajika. Mwingine akasema, "Na mimi nilinunua kwake." Wa nyuma akauliza wanasema nini, akajibiwa feki, akawajibu wa nyuma yake feki. Wakaanza kumsogelea Bakili. Mmoja alimkamata shati, likachanika mpaka kitovuni. Mwingine alimpiga ngumi ya mdomo na nikaona damu ikimwagika kidevuni. Alianguka akainuka, akapigwa teke la mbavu, akaanguka tena kwenye mahindi yake mwenyewe.

Mpaka hapo namwelewa. Nasema kweli, mpaka hapo namhurumia. Mtu akizungukwa na umati wa Kariakoo anayaona mauti yake, na mwenye kuyaona mauti hana adabu. Lakini alipopata nafasi ya kuvuta pumzi, Bakili aliinua mkono, akaunyoosha juu ya vichwa vya watu, akamwelekezea mume wangu aliyekuwa anakuja mbio kumsaidia.

"Huyu! Huyu ndiye aliyechanganya. Alisema mwenyewe siku ya kupanda, mlimsikia wote. Alisema ametia yanga."

Na kweli walimsikia wote. Hilo ndilo lililomwua mtu akiwa bado anapumua. Niliona nyuso za mafundi zikikumbuka, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba alicheka.

Khalfani alisimama. Alikuwa bado na tabasamu ya mtu anayedhani utani unaendelea. "We Myao," akaanza, na hapo mpini wa jembe ukampata begani.

Siwezi kueleza kwa mpangilio. Walimwangusha. Nilisikia mbavu. Nilisikia mtu akisema mkono wa kulia, mkono ndio uliochanganya, mshikeni mkono, na wakamkanyaga kiwiko ili mkono utulie, na mmoja akageuza jembe akalishusha kwa mgongo, mara ya kwanza, mara ya pili. Mume wangu hakupiga kelele mara ya kwanza. Ya pili alipiga.

Nilikuwa na sufuria la maharage jikoni, linachemka. Nililibeba kwa kanga na nikalimwaga lote juu ya migongo yao. Walipiga mayowe wakatawanyika, na mwenye jembe akashika shingo yake huku ngozi inabanduka. Sijuti. Mpaka leo nikimwona anapita na kovu lake sijuti hata chembe. Katika nafasi ile nikaingia, nikamlalia Khalfani, nikamfunika kichwa kwa kifua changu. Wakarudi. Walinipiga mgongo na makalio na miguu kwa mabua ya mahindi, na mtu mmoja kwa spana, na walikuwa wananiita mke wa mwizi.

Nilipogeuza shingo nilimwona Mzee Mbaruk. Alikuwa amesimama pembeni ya mistari yake ya manjano, kanzu yake safi, mkono umeshika mdomo. Nilimwita. Nilisema, "Mzee, sema. Tasneem alisema nini siku ile? Sema, watakusikia." Alinitazama. Kisha akatazama viatu vyake. Alikumbuka kila neno la bintiye, niliona anakumbuka. Hakufungua kinywa.

Ndipo fundi mmoja akatoka gereji na tairi. Kijana yule alikuwa amekunywa chai kwangu asubuhi na chapati mbili, na alinishukuru kama anavyonishukuru kila siku. Sasa alikuwa anavingirisha tairi katikati ya mahindi, na wa nyuma yake amebeba chupa ya maji iliyojaa petroli. Watu wakampisha. Nikaisikia harufu kabla sijaiona, ikamwagika kwenye miguu yangu na ya mume wangu, baridi. Nilianza kusoma shahada kwa niaba yetu wote wawili, maana Khalfani alikuwa hajui tena alipo.

Tasneem alifika wakati ule. Alikuwa dukani akihudumia wateja, mvuta mkokoteni mmoja mwenye utu, aliyekumbuka maneno yake ya siku ya kupanda, akakimbia kumwita, naye akakimbia njia nzima kutoka Kariakoo hadi Gerezani, viatu mkononi. Hakuuliza. Alipita katikati yao akajitupa juu yetu, na buibui lake likalowa petroli. Na hapo, jamani, hapo wakasita. Wenye kiberiti wakakishusha. Mimi nilikuwa nimelala pale tangu mwanzo na hakuna aliyesita. Binti wa mwenye duka alipolala, wote wakakumbuka kwamba kuchoma mtu ni dhambi. Namshukuru Tasneem kwa roho yangu, na bado hilo linanichoma.

"Hakuna aliyechanganya," alisema. Sauti yake ndogo ile ile, inakatika kwa kuhema. "Ni upepo. Chavua ya manjano imeangukia nyeupe. Nilisema siku ya kupanda. Kamenyeni wenyewe. Hapa mpakani yatakuwa na manjano mengi. Nendeni mpaka kule ukutani, mstari wa mwisho, mtakuta meupe. Mtu angechanganya mbegu, yangekuwa hivi kila mahali."

Elimringi ndiye aliyekwenda. Alikuwa ameshika mpini wenye damu, akaubeba huku akiingia kwenye mistari, akimenya hindi kila mstari na kulitupa nyuma yake. Tulisikia maganda yakichanwa. Watu walimfuata kwa macho. Punje za manjano zilipungua kadiri alivyokwenda, na alipofika ukutani akamenya moja, akalitazama, akamenya jingine, akarudi nayo. Yalikuwa meupe pe.

Aliyaweka chini mbele ya Tasneem. Akauweka na ule mpini. Kisha akaketi pale pale kwenye udongo na kuweka kichwa kati ya magoti.

Wengine waliondoka. Hakuna aliyenisaidia kumwinua mume wangu isipokuwa Tasneem na yule mvuta mkokoteni aliyekwenda kumwita, ambaye tulimpakia Khalfani kwenye mkokoteni wake kama gunia. Na wakati tunatoka niliona kitu ambacho hakinitoki: watu walikuwa wanavuna. Walikuwa wanakata mahindi, meupe na manjano na mchanganyiko, wanajaza mifuko. Yule mwenye tairi alikuwa ameshika mahindi manne.

Hospitalini walijaribu. Walimfunga, walimchoma sindano, wakasubiri vidole vipate damu. Havikupata. Vilianza kuwa vyeusi, na daktari, mwanamke mpole aliyeniita dada, aliniambia mkono ukibaki utamwondoa na mwenyewe. Waliukata juu kidogo ya kifundo. Khalfani alipoamka alitazama ile bandeji muda mrefu. Halafu akaniuliza, mkokoteni nitaushikaje. Nilitoka nje nikalia kwenye korido hadi mlinzi akanihamisha.

Polisi walikuja na walikwenda Gerezani, na Gerezani hakuna aliyeona. Gereji nzima ilikuwa imekwenda msalani wakati mmoja.

Mimi nilikwenda Kariakoo, dukani kwa Mzee Mbaruk, kabla ya adhuhuri, duka limejaa. Sikusalimia. Nilichukua mzani wake nikaupiga sakafuni. Nikavuta mifuko ya mbegu kutoka rafuni, nikaichana kwa kisu cha vitunguu, nikaimwaga, nikaikanyaga. Wateja walikimbilia nje. Mbaruk alimzuia kijana wake wa dukani kwa mkono. "Vunja, mwanangu," akasema. "Vunja mpaka utulie."

"Ulijua."

"Nilijua. Nilipoona hindi la kwanza nilijua."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa, Hajira. Niliona nikisema, watasema Mwarabu alijua toka mwanzo, akamtega Bakili makusudi. Wangenigeukia mimi." Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. "Nilisema moyoni watampiga kidogo wataacha. Wallahi nilisema hivyo."

Nilimpiga kofi. Mtu wa umri wa baba yangu, ambaye kila siku nilimwambia shikamoo. Lililia duka zima. Hakuinua mkono, na mimi sikupata nafuu yoyote. Tangu siku ile yeye ndiye anayegharamia dawa, na Tasneem huleta chakula, na mimi nakipokea kwa sababu njaa haina kiburi. Lakini moyo wangu haukuwa kwa Mbaruk. Woga naujua, hata mimi ninao. Moyo wangu wote ulikuwa kwa Bakili.

Nilimtaka afe. Nisingoje Mungu, nisingoje mahakama. Nilitaka nimwue mimi, na nilimwambia Khalfani hivyo. Bakili alikuwa amejificha kwa ndugu zake, duka limefungwa. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenye chawa inachomwa. Khalfani alikuwa hajibu. Alikuwa hajibu chochote siku hizo. Mtu ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, ambaye alimtania hata shehe aliyetuozesha, alikuwa anakaa kwenye mkeka akijifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto, kimya.

Bakili alikuja Ijumaa, baada ya swala, kidonda cha Khalfani kimeshafunga. Nilikuwa uani natwanga kisamvu. Alisimama mlangoni mwa ua na jogoo kwapani, mdomo bado una alama, na kwa sauti kubwa, ile ile ya zamani ila imekauka, akaanza jinsi watani wanavyoanza.

"Hodi kwa wakimbizi wa Songea. Nimekuja kumchukua mke wangu, nasikia hapa analala njaa."

Wapangaji wote walitoka vyumbani. Mimi nilisimama na mchi mkononi, mzito, wa mti wa mkongo, na nikamtazama Khalfani aliyekuwa ameketi barazani. Nilikuwa nangoja ishara tu. Angeinamisha kichwa kidogo, ningepasua kile cha mwenzake pale pale mbele ya watu, na ningekwenda jela nimeshiba.

Lakini nilikuwa na hofu pia. Katika utani, mtani aliyekosa huja hivi hivi, na kitu mkononi na tusi mdomoni, na ukimrudishia tusi, hata dogo, hata la kitoto, yamekwisha. Hakuna kikao, hakuna fidia. Bakili alilijua hilo. Ndiyo maana alikuja. Na mimi nilimjua mume wangu: hajawahi kuachia tusi lipite bila kulirudisha. Nilimwomba Mungu amfunge ulimi.

Khalfani aliinuka. Alichukua kofia yake ya vito, ile ya kwenda msikitini, msumarini, akaivaa kwa mkono wa kushoto, akairekebisha mpaka ikakaa sawa. Kisha akaja hadi katikati ya ua.

"Assalaam alaykum, Bwana Bakili," akasema. "Karibu."

Bakili akajaribu kucheka. "We Mngoni, bwana nani? Leo umekunywa nini?"

"Karibu uketi, tafadhali. Mke wangu, mpe mgeni kiti."

Niliweka mchi chini nikaleta kiti. Sijui kwa nini nilitii. Nadhani ni kwa sababu nilimwona Bakili uso wake ulivyokuwa unaporomoka. Hakuketi. Alimkabidhi jogoo kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, akasogea.

"Nitukane," akasema. "Khalfani, nitukane basi. Niambie mimi ni mbwa. Sema babu yako alimchinja babu yangu. Sema lolote."

"Nyumbani hawajambo?" Khalfani akauliza. "Watoto wanaendeleaje? Mungu awakuze."

"Nakuomba."

"Poleni na safari. Jua la leo kali." Alisema kwa upole kabisa, kama unavyomsemesha mtu aliyepotea njia akakuuliza msikiti uko wapi. Katika miaka yote waliyojuana, mkokoteni kwa mkokoteni, hakuwahi kumpa heshima hata ya kumwita kwa jina lake. Sasa alimpa yote kwa mpigo mmoja.

Bakili alilia mbele ya wapangaji, mtu mzima, kamasi na yote, na hakuna aliyemnyamazisha. Khalfani alingoja amalize. Alimsindikiza hadi mlangoni mwa ua, na pale, kwa mazoea, Bakili akanyoosha mkono wa kulia kuaga. Ukabaki hewani.

"Niwie radhi kwa mkono wa kushoto, Bwana Bakili," mume wangu akasema, akampa.